Hewa Iliyomo Katika Kuni

Watu wengi hudhani kwamba swali la uaminifu hukaa mahali pakubwa: mahakamani, katika hazina ya serikali, au katika chumba cha mtihani. Mimi nilikutana nalo kwanza katika rundo la kuni, na tangu siku hiyo sijapata kuliona mahali pengine likiwa wazi zaidi. Nakuomba, msomaji, ustahimili kidogo nikueleze habari za kuni kabla ya kukueleza habari za uaminifu. Maana asiyejua jinsi kuni zinavyokatwa, zinavyopasuliwa na zinavyopangwa, hawezi kuona mahali udanganyifu unapoingilia.

Nilizaliwa Kinangop, katika uwanda ulioinuka baina ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa, kimo cha zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Mtu wa Mombasa akiambiwa kwamba katika Kenya hii hii zipo nyumba zisizokalika usiku pasipo moto, huenda akacheka. Lakini mwezi wa Julai ukungu hushuka kwetu ukakaa mpaka adhuhuri, na ziko alfajiri ambazo majani huonekana meupe kwa sakitu. Huko moto hauwashwi kwa ajili ya sufuria tu. Chakula kikisha kuliwa, jamaa yote hubaki palepale wakiota moto, watoto mbele, wakubwa nyuma, mpaka usingizi uwatawanye.

Sasa, mti ukiangushwa leo una maji mengi mno ndani yake. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wa ukuni mbichi ni maji. Ukiutia motoni vivyo hivyo, moto hauanzi kwa kukupasha wewe joto. Huanza kwa kuyachemsha yale maji na kuyageuza kuwa mvuke, na joto linalotumika katika kazi hiyo hutoka nje pamoja na moshi. Ndipo uonapo ukuni ukitoa povu kwenye ncha zake, ukisinasina kama mtoto aliyeonewa, na nyumba ikijaa moshi wa kuliza macho. Moshi huo hauishii machoni. Madaktari wamekwisha thibitisha kwamba huumiza mapafu, hasa ya watoto wadogo na ya kina mama wakaao jikoni. Ukuni uliokauka vizuri hubakiwa na maji kiasi cha sehemu ya tano ya uzito wake au pungufu, nao huwaka kwa mwali safi na kuacha jivu jepesi.

Basi kazi yote ya mkata kuni ni kuyatoa maji hayo. Gome la mti huyazuia yasitoke. Njia yao kubwa ni kwenye ncha zilizokatwa na kwenye uso uliopasuliwa. Kwa sababu hiyo gogo hukatwa kwa msumeno vipande vifupi, kisha kila kipande hupasuliwa kwa shoka. Baba yangu alinifundisha kuusoma uso wa kipande kabla ya kuinua shoka: kuutafuta ufa mdogo uliokwisha kuanza wenyewe, kulilenga pigo liufuate ufa huo, na kuliepuka fundo kama mtu anavyomwepuka jirani mgomvi. Mkaratusi una nyuzi zilizopindana, nao hupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi kuliko ukikauka. Ukiuchelewesha, utahitaji kabari na nyundo, na jasho la bure. Nakiri kwamba kupasua kuni ni kazi nilipendayo hata leo. Pigo likienda sawa, ukuni hufunguka kwa sauti moja kavu, na harufu yake humjia mtu puani kama dawa. Sijui kazi nyingine inayompa kijana sifa upesi namna ile.

Kupanga kuni hakuna sifa hiyo. Kwanza hulazwa fito mbili chini, ili kuni zisiguse udongo. Kisha kuni hupangwa juu yake, ukuni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukigeuzwageuzwa mkononi mpaka upate mahali unapokubali kutulia. Rundo hufunikwa kichwani kwa sababu ya mvua, na ubavuni huachwa wazi kwa ajili ya upepo. Hapo huachwa miezi sita, au mwaka mzima ikiwa kuni ni nene. Ni kazi ya kuinama, haina pigo wala kelele, na hakuna asimamaye kuitazama. Uvivu ukitaka kuingia katika kazi ya kuni, huingilia hapo.

Kuni hazishikani kama matofali. Hata akizipanga fundi hodari, huacha nafasi kati ya ukuni na ukuni, na nafasi hizo ni lazima ziwepo, kwa kuwa upepo hupita humo ukayachukua maji. Katika rundo lililopangwa kwa uangalifu, karibu theluthi moja ni hewa tupu. Wafaransa walilijua jambo hili. Mwaka 1795, walipotunga sheria ya vipimo vipya vya mita, waliziwekea kuni kipimo chao peke yake, kiitwacho steri: rundo la mita moja kwenda juu, mita moja kwenda mbele, na mita moja kwa upana. Hawakusema ni mita ya mbao. Walisema ni mita ya rundo, hewa ikiwamo. Katika nyanda zetu za juu pia, viwanda vya majani chai vinavyokausha chai kwa moto wa mikaratusi hununua kuni kwa mita za rundo. Kila anunuaye kuni kwa namna hii hununua na hewa pamoja, naye huilipia fedha halali.

Swali langu limo katika hewa hiyo. Iko hewa inayoachwa ili kuni zikauke, na iko hewa inayoachwa ili rundo lijae upesi. Hewa ya kwanza ni mali ya mnunuzi, maana ndiyo itakayompa moto mwema. Hewa ya pili ni wizi. Lakini ukisimama mbele ya rundo, msomaji, huwezi kuzitenga kwa macho. Zote mbili ni hewa ile ile, na mita ya fundi huzipima sawasawa. Wakata kuni wa nchi za baridi wana msemo kwamba nafasi kati ya kuni iwe ya kumpitisha panya, lakini paka anayemfukuza asipite. Ni msemo mzuri. Ila panya na paka hawaendi sokoni kumtetea mnunuzi.

Mwaka 2004 nilikuwa na umri wa miaka 14. Baba alikuwa na mikaratusi na miwati michache ukingoni mwa shamba lake la viazi. (Mkaratusi, nikueleze kwa kupita, ni mgeni kwetu, asili yake ni Australia, nao uliletwa Kenya mwaka 1902 ili reli mpya ipate kuni za magari yake ya moshi.) Kila mwaka Baba aliangusha miti kadhaa, akazikausha kuni, akaziuza kwa majirani kabla ya majira ya baridi, na fedha zake zilikwenda katika karo ya kaka yangu mkubwa. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo bibi mmoja mjane, ambaye sisi watoto tulimwita Nyanya ingawa hatukuwa wa ukoo wake. Alikaa katika nyumba ya mawe yenye meko ya ukutani na dohani, iliyobaki tangu siku za mashamba ya walowezi. Nyumba nzuri kuitazama, na baridi kama pango. Mapatano yake na Baba yalikuwa rundo la urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1 na nusu, la kuni za sentimita 40.

Siku hiyo ya mwezi wa Mei Baba alikwenda sokoni kuuza viazi. Mimi nilitumwa na mkokoteni wa punda nimpelekee Nyanya kuni na kumpangia ukutani mwa nyumba yake. Wenzangu walikuwa wakicheza mpira karibu na hapo, na kelele zao zilinifikia. Nilikuwa nimekwisha gundua siri ndogo wiki iliyotangulia, nilipozipangia kuni nyumba nyingine mbili: ukichukua vipande vyenye mafundo na vyenye panda ukavikingamisha katikati, kisha ukapanga kuni zilizonyooka mbele zionekane, rundo hupanda kwa haraka ya ajabu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Rundo langu lilifika kwenye alama ya mita 1 na nusu kuni nyingi zikiwa bado mkokotenini, nami nikazirudisha nyumbani. Kabla sijaondoka Nyanya alitoka, akapapasa uso wa rundo kwa kiganja chake, akasema, "Mwanangu, una mkono wa baba yako." Akanipa chai na viazi vya kuchemsha. Nilivila.

Jioni Baba aliuona mkokoteni. Hakuniuliza neno. Alfajiri aliniamsha, tukaenda kwa Nyanya. Baba alisimama mbele ya rundo, akakunja ngumi, akaipenyeza katika nafasi moja. Mkono ukatoweka mpaka kiwiko.

"Rundo hili umelipanga wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yale mawili ya wiki iliyopita?"

Nikanyamaza, naye akalielewa jibu.

Nyanya alipotoka, Baba alimwamkia kwa heshima, akamwambia kwamba rundo lilikuwa halijamalizika, nasi tulikuja kulimaliza. Tukalibomoa lote. Tulipolipanga upya kwa kuni zilezile, kimo chake kilikuwa mita 1 na sentimita 20. Sehemu nzima ya tano ya kile Nyanya alichokilipia ilikuwa hewa yangu. Tukaijaza kwa kuni nilizokuwa nimezirudisha. Kwa zile nyumba mbili nyingine mambo hayakuwa mepesi, kwa kuwa kuni zilizosalia kwao zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa mpita njia, na fedha zimekwisha kwenda shuleni kwa kaka yangu. Baba alitoa sehemu yao katika rundo la nyumba yetu wenyewe. Hayo yalikuwa mwezi wa Mei, na Julai ilikuwa njiani.

Hapa niache hadithi kidogo, maana nadhani wewe msomaji unazo hoja, nami nilikuwa nazo wakati ule.

Hoja ya kwanza ni kwamba mnunuzi ana macho. Kama hakulikagua rundo, kosa ni lake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama rundo lingekaguliwa kwa macho. Lakini tumekwisha ona kwamba ndani ya rundo hakuonekani. Mnunuzi wa kuni huujua ukweli usiku mmoja wa baridi, miezi miwili baadaye, anapoona rundo limeisha na baridi haijaisha. Kosa linalofunuka wakati ambapo haliwezekani tena kutengenezwa haliwezi kuwa kosa la aliyetendwa.

Hoja ya pili ni ya wanasheria: mita ni mita. Tulipatana urefu na kimo, nami nilitoa urefu na kimo. Sikusema uongo. Ni kweli, sikusema uongo. Lakini nauliza, kwa nini Nyanya alikubali kupima kwa mita? Alikubali kwa kuwa alidhani kwamba kati ya alama na alama kuna mtu anayezipanga kuni kama anavyozipangia nyumba yake. Kipimo kilikuwa ganda la mapatano yao, na imani hiyo ilikuwa kiini. Mimi nilitoa ganda nikabaki na kiini. Anayeyashika maneno ya ahadi ili aivunje ahadi amefanya jambo baya zaidi kuliko mwongo wa kawaida, kwa maana mwongo wa kawaida huweza kukamatwa kwa neno lake.

Hoja ya tatu ni ya mwanafunzi wa sayansi, nami naiheshimu kuliko zote. Kwa nini kuni zisipimwe kwa mizani? Mizani haioni hewa. Basi chukua kalamu, msomaji, tupige hesabu. Kilo 100 za kuni mbichi zenye nusu maji zina kilo 50 za ukuni wenyewe. Zikauke mpaka maji yawe sehemu ya tano ya uzito wake, nazo zitakuwa kilo 62 na nusu. Auzaye kwa mizani ana kilo 37 na nusu za maji za kumshawishi. Hana haja ya kuzikausha kuni zake, na kadiri anavyomharibia mnunuzi moto wake ndivyo anavyopata fedha zaidi. Ukikimbia hewa unakutana na maji. Siku hizi kipo na chombo kidogo chenye sindano mbili ambacho hupima unyevu wa ukuni, nacho ni chombo chema; lakini hueleza habari za mahali kilipochomwa tu, na muuzaji mwerevu atakuchagulia ukuni wa kuchoma. Vipimo vyote hivi ni vizuri na ni lazima viwepo, maana visingekuwapo tungedhulumiana bila haya. Ila kila kipimo kina upande kisichouona, na upande huo ameachiwa mtu mwenyewe na dhamiri yake.

Liko jambo moja zaidi ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa katika chuo cha ualimu, ambako tulijadiliana sana juu ya nia na tendo. Mimi sikutaka kumwibia Nyanya. Nilitaka kwenda kucheza mpira. Je, uvivu ni kosa dogo kuliko tamaa? Zamani nilijibu kwamba ndiyo, na jibu hilo lilinifariji. Leo siwezi kulishika. Kuni alizopungukiwa Nyanya zingekuwa zile zile kama ningekuwa mwizi wa makusudi, na baridi haiulizi nia. Tena mwenye tamaa angalau hujua anachokichukua, akaogopa, na pengine akatubu. Mvivu huchukua bila kujua kwamba amechukua, akala na viazi vya watu. Najua wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami hapa, nao wana hoja zao.

Turudi kwa Baba. Julai ilipofika, rundo letu liliisha kabla ya mwezi kufika katikati. Tulichoma matawi ya miwati yaliyokatwa mwezi wa Mei, mabichi bado, na nyumba yetu ikajua povu na moshi niliokueleza. Dada yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka 8, alikohoa mwezi huo wote na sehemu ya mwezi uliofuata. Wale majirani wawili waliota moto mkavu, wala hawakujua kwamba walipata kudhulumiwa, wala kwamba walipata kulipwa. Baba alikuwa amewapelekea kuni usiku akisema ni nyongeza ya mwaka.

Dada yangu sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake, naye hajapata kumsamehe Baba kwa jambo hilo, ijapokuwa anampenda. Husema kwamba deni lilikuwa langu na likalipwa kwa kifua chake. Husema Baba angaliweza kwenda kwa wale majirani akawaambia kweli, akaomba muda mpaka mwaka unaofuata. Lakini kweli hiyo ingemwaibisha yeye na mwanawe, na kwa hiyo akachagua kulipa kimya, na gharama ya ukimya wake ikalipwa na mtoto asiyeulizwa. Na hata kwa Nyanya, husema, kauli ya kwamba rundo "lilikuwa halijamalizika" ilikuwa na hewa ndani yake.

Nimeyafikiri maneno yake miaka mingi. Katika jambo moja naona ana haki: Baba alipaswa kusema. Deni likikiriwa wazi huweza kuombewa muda, na muda ndio kitu tulichokihitaji. Lakini katika kulipa, siwezi kumlaumu. Kuni zile hazikuwa zetu tena. Zilikuwa zimekaa katika rundo letu, chini ya paa letu, na bado zilikuwa za watu wengine waliokwisha kuzilipia. Na kama tungeziota mwezi wa Julai, dada yangu asingalikohoa, lakini angalikuwa akiota moto wa jirani. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba ni rahisi kwangu kusema, maana kifua changu kilikuwa kizima. Sikuwa na jibu.

Mwaka jana, likizo ya Aprili, nilikwenda kumtembelea nyumbani kwake Njabini. Alikuwa amenunua kuni, na kijana wa muuzaji alikuwa amekwisha kumpangia akaenda zake. Tulisimama barazani tukizungumza habari za watoto. Katikati ya mazungumzo alilikaribia rundo, akakunja ngumi, akaipenyeza kati ya kuni mbili. Iliingia mpaka kifundo cha mkono, ikakwama. Akaichomoa, akafuta vumbi la gome kwenye leso yake, akanitazama kidogo, kisha akaingia ndani kuwasha moto.